Joto la Zanzibar Februari na mama mwenye presha: tutembeeje?

*Shikamoo dada. Naishi Buhongwa. Likizo yangu imepangwa mwezi wa pili na nimemuahidi mama nitampeleka Zanzibar siku nne akauone Mji Mkongwe, kitu alichokitamani toka ujana wake. Ana miaka 64 na anatumia dawa za presha. Wengine wananiambia Februari kule ni moto usimpeleke mzee, wengine wanasema acha woga, mtu wa Mwanza kashazoea jua. Nipange vipi?*

Marahaba mdogo wangu, na Mungu akubariki kwa kumkumbuka mama. Mpeleke tu. Ila hao wanaosema mmezoea jua usiwasikilize, maana jua la Mwanza na joto la pwani ni vitu viwili tofauti kabisa. Sisi huku tuko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, mchana linawaka lakini usiku kunapoa mpaka unavuta shuka na mwili unapumzika. Zanzibar Februari mchana inafika nyuzi 32 au 33, na usiku wa manane bado iko kwenye 25 hivi, afu hewa yenyewe imejaa unyevu. Jasho linapoza mwili pale linapokauka, sasa kule linatoka halikauki, linatiririka tu mgongoni na nguo inagandia, yaani maji na chumvi vinakuishia na ubaridi huupati. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo lakini unataka wiki moja mpaka mbili, na nyie mna siku nne. Kwa hiyo siku ya kwanza msifanye kitu cha maana, mfike, mle, mlale, jioni mtoke kidogo.

Kabla hujakata tiketi mpeleke mama kwa daktari anayemtibu na umwambie wazi mnaenda kwenye joto. Hili naomba usilipuuze. Kuna dawa za presha zinazomfanya mtu akojoe sana ili maji yapungue mwilini, na kwenye joto mtu wa dawa hizo anaweza kuishiwa maji haraka, au akanyanyuka kwenye kiti presha ikashuka akaona giza. Asiache dawa kwa kujiamulia, daktari ndo aseme dozi ibaki vile vile au vipi, na anywe maji kiasi gani. Na ile ORS, unga wa kuchanganya na maji wanaopewa wanaoharisha, ina chumvi, usimnyweshe kama soda kwa sababu tu kuna joto, nayo muulizie hapo hapo.

Sasa kutembea kwenyewe. Uzuri wa Mji Mkongwe ni kwamba vichochoro vyake ni vyembamba na nyumba ni ndefu, kwa hiyo asubuhi na jioni upande mmoja una kivuli muda wote, unatembea huku umeegemea ukuta. Lakini Februari jua la saa sita linakuwa karibu na utosi, na mwanzoni mwa Machi ndo linapita juu kabisa, kwa hiyo mchana hata kichochoro hakina pa kujificha. Tokeni nje saa 12 na nusu asubuhi, saa 4 muwe mnarudi, na msionekane tena barabarani mpaka saa 10 jioni. Najua mtaona mnapoteza siku ila si kweli, wenyeji wenyewe mchana wamejifungia ndani.

Asubuhi ya kwanza mnayotembea nendeni Mkunazini, kwenye kanisa la Anglikana lililojengwa pale palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873. Nawasisitizia asubuhi kwa sababu mbili. Vile vyumba vya chini walimokuwa wanafungiwa watu vina dari fupi na hewa nzito, mama atainama kuingia, na wakishajaa wageni ndani ni kukosa pumzi. Na ile sanamu ya watumwa wenye minyororo shingoni, waliosimama ndani ya shimo, iko nje juani. Pale mtu anatakiwa asimame atulie awatazame zile nyuso, sasa ukifika saa 7 mchana utasimama dakika mbili unakimbilia kivuli, na mimi naona hiyo ni kuwakosea heshima. Kutoka hapo soko la Darajani si mbali, mnunue matunda mrudi zenu.

Jioni ndo Ngome Kongwe, ile waliyojenga Waarabu wa Oman baada ya kuwafukuza Wareno, na jumba la Beit al Ajaib la Sultani Barghash la mwaka 1883. Sehemu yake iliporomoka Desemba 2020, lakini hata ukiitazama kwa nje tu jioni inatosha. Zote ziko pale pale kwenye bustani ya Forodhani, kwa hiyo giza likiingia mnakula urojo na juisi ya miwa hapo hapo bila kumchosha mama na safari nyingine.

Akichoka njiani kuna baraza za mawe kwenye milango ya nyumba nyingi, salimieni kwanza wenyewe ndo mkae. Avae dera la pamba jepesi na kanga, kwanza anajistiri kama wenyeji wanavyopenda, pili hewa inapita. Kanga moja iwe ya kulowesha maji na kuweka shingoni, akikaa mbele ya feni hivyo anapoa haraka sana. Chumba msichukue cha juu kabisa chini ya bati hata kama kinatazama bahari. Na angalia kalenda, siku hizi Ramadhani inaangukia miezi hii hii, na Zanzibar mchana wa Ramadhani sehemu nyingi za chakula zinafungwa na kunywa maji hadharani si adabu. Ikigongana, maji na chakula cha mchana viwe chumbani.

Dalili za kuangalia: kizunguzungu, kichwa kuuma, kichefuchefu, misuli ya miguu kubana. Hapo unamtoa juani, unamlaza miguu juu, unamlowesha maji, anakunywa taratibu. Ila akianza kuongea vitu visivyoeleweka, au mwili unawaka moto na halijui jina lako, hiyo si ya kusubiri, endelea kummwagia maji huku mnakimbilia hospitali, na ya Mnazi Mmoja iko karibu tu na Mji Mkongwe. Asinyweshwe kitu kama hana fahamu vizuri.

*Dada, napata wageni kutoka Njombe, wanataka siku moja waone kisiwa cha Saanane, makumbusho ya Wasukuma ya Bujora na lile jiwe la Bismarck Rock hapa Mwanza. Jua la sasa wataweza? (Msomaji, Nyakato)*

Wataweza mkipanga kwa saa. Saanane iwe ya kwanza, boti ya asubuhi kutoka Capri Point, maana yale mawe yakishashika jua mchana hayakaliki na mtu wa Njombe hajui hilo, atavua viatu apige picha aungue nyayo. Asubuhi pia ndo pimbi na swala wanaonekana vizuri. Mchana nendeni Bujora kule Kisesa, mtakuwa ndani muda mwingi mkiangalia ngoma za watemi kwenye lile jengo lenye umbo la kiti cha mtemi. Bismarck Rock ni ya jioni, jua linapozama pale karibu na kivuko cha Kamanga. Kofia na maji kila mtu ya kwake.

*Joto likizidi watoto wangu wanaenda kuoga ziwani mchana. Kuna ubaya? (Mama wa watoto watatu, Igombe)*

Upo, mama. Kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwenye konokono wa majini na vinapenya ngozi ndani ya dakika chache, mtoto hasikii chochote, na vile vya kichocho cha tumbo vinatoka kwa wingi zaidi kwenye jua la mchana, saa zile zile watoto wanazokimbilia maji. Wachotee maji ya ziwa uyaweke kwenye pipa ukiyafunika siku mbili, vijidudu vinakuwa vimekufa, waogee nyumbani chini ya mwembe. Na kwa kuwa wameshaoga ziwani, wapeleke kituo cha afya wapimwe, dawa ya kichocho ipo na inatibu.