Unaanza darasa la salsa Dodoma? Viatu, jasho na mikono

Mkuu umeuliza unaanza salsa, ile dansi ya kucheza wawili wawili, wiki ijayo hapa Dom, uvae nini na ukae vipi na watu usije ukaudhi mtu. Mimi ni dada, huu mwaka wa tatu nacheza salsa, bachata na kizomba kidogo, kwa hiyo nakujibu kama mtu anayeshikwa mkono na kuzungushwa, maana sisi ndo tunajua mapema nani kajiandaa.

Viatu kwanza. Usije na raba za kukimbilia zenye soli ya mpira yenye meno. Mwezi wangu wa kwanza nilikuja nazo, ticha akasema geuka, mwili ukageuka mguu ukabaki umeng'ang'ania sakafu, goti likajipinda, nikakaa nyumbani wiki tatu nachechemea. Kwenye salsa unageukia sehemu ya mbele ya unyayo, sasa soli ikigoma kuzunguka ule mzunguko wote unaishia gotini. Tafuta kiatu chepesi kinachoshika mguu, chini kiwe ngozi au soli iliyolika ikawa laini, ndala na yeboyebo hapana. Vyangu nilinunua mtumba Sabasaba nikampa fundi akabandika ngozi chini, hadi leo nadunda navyo. Na usivivae njiani, vumbi la huku unalijua, beba kwenye mfuko uvae ukifika, vumbi likiingia kwenye marumaru watu wanateleza.

Jasho. Njoo na tisheti mbili, tatu ni bora zaidi, kila ikilowa unabadilisha. Singlendi usivae kabisa, mkono wangu unakaa juu ya bega lako na hapo ngozi ni mbichi kwa jasho, yaani haipendezi. Salsa mnaachiana nafasi kidogo lakini kizomba, ile ya Angola, vifua vinakaribiana kabisa, kwa hiyo oga, paka deodoranti, na kama umepitia mishikaki na kachumbari piga mswaki. Pafyumu nyingi nayo inaumiza kichwa, kidogo inatosha.

Sasa mikono, hapa ndo kaka zangu wengi wanakosea. Mkono wa kulia unakaa mgongoni kwangu juu, kwenye mfupa wa bega, sio kiunoni na wala usiteremke. Wa kushoto nipe vidole tu, mimi naning'iniza vyangu juu yake, dole gumba lako lisinibane. Ukinibana halafu ukaniinua mkono kunizungusha kiwiko na kifundo cha mkono vinapindana, kesho yake hata kusonga ugali siwezi. Kata kucha, vua pete na saa. Kuna kaka saa yake ilinasa kwenye rasta zangu nyimbo ikiwa katikati, tukasimama pale anachomoa unywele mmoja mmoja huku wenzetu wanatupita, tangu siku hiyo na mimi nabana nywele juu.

Darasani mnabadilishana patna, usimng'ang'anie mmoja kwa sababu ni mrembo. Utakutana na mama wa rika la mama yako, mwamkie shikamoo kisha mshike vizuri vilevile, wengine wanasikia mdundo kuliko sisi vijana. Utakutana na bosi wako wa wizarani pia, mji wenyewe ndo huu. Ukimkanyaga mtu sema samahani mara moja muendelee, hesabu ni moja mbili tatu, tano sita saba, ya nne na ya nane hukanyagi, ukipotea subiri moja irudi. Usimfundishe patna wako, ticha yupo, hiyo kwa kweli inanikera kuliko kukanyagwa. Na dada akisema anapumzika muache apumzike, usimuulize kwa nini.

Sweta usisahau, Juni na Julai ukitoka umelowa ukapanda boda usiku ule upepo unaingia kifuani moja kwa moja. Fika robo saa kabla ubadilishe viatu, na ukikwama kwenye soli sema nikuelekeze kwa fundi wangu.