Mbwa Mgeni Nyumbani: Maswali na Majibu

SWALI: Tulichukua mbwa jike wa miaka kama miwili kutoka kituo cha kuokoa wanyama. Leo ni siku ya nne. Amejibanza nyuma ya tangi la maji, hagusi chakula tukiwepo, na mtu akimkaribia anajikojolea. Watoto wanamwita mchana kutwa lakini hatoki. Je, tumepewa mbwa mgonjwa? (Mama Imani, Ongata Rongai)

JIBU: Mama Imani, kwanza angalia bakuli asubuhi. Likiwa tupu, anakula usiku nyumba ikishatulia, na hapo tatizo lake kubwa ni hofu. Chakula kikibaki vilevile kwa saa 48, au akikaa siku nzima bila kunywa maji, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mtazame pia anapokojoa. Mkojo wenye rangi ya chai ya rangi, au fizi zilizopauka, vinaweza kuwa dalili ya ugonjwa unaoletwa na kupe, na huo huua haraka. Usimfumbue mdomo kwa nguvu ili uone fizi. Mwachie daktari.

Kuhusu hofu: tumezoea kusema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa mbwa wa namna hii jembe lisubiri. Amehamishwa kutoka mtaani hadi kituoni, kutoka kituoni hadi kwenu, na kila mara harufu, sauti na watu vimebadilika. Wanaowalea mbwa hawa hukadiria siku tatu za kushtuka, wiki tatu za kujifunza ratiba ya nyumba, na miezi mitatu kabla hajaona kwamba hapo ni kwao. Ni makadirio tu. Wapo wanaochukua mwaka.

Leo hii, watoto waache kumwita. Mwekeeni kona isiyo na pitapita, gunia safi au blanketi kuukuu la kulalia, na maji karibu. Mbwa wa kilo 15 hunywa karibu lita moja kwa siku, na zaidi kukiwa na joto. Mtu mmoja, yuleyule, ampe chakula mara mbili kwa saa zilezile, tuseme saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Aweke bakuli, aondoke. Baada ya siku mbili tatu aanze kuketi hatua sita kutoka hapo, akimpa mbwa ubavu, bila kumkazia macho, na amrushie vipande vya nyama ya kuchemsha vyenye ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Kila siku vipande vianguke karibu zaidi na huyo mtu. Mtu asisogee, anayesogea ni mbwa.

Hapa ndipo kazi ya wiki nzima huharibika. Mbwa anapiga hatua mbili mbele, mtu anafurahi, ananyoosha mkono ampapase kichwani. Mbwa aliyewahi kurushiwa mawe anaujua mkono unaoinuka juu yake, na atarudi nyuma ya tangi. Akija mwenyewe kunusa, mwache anuse. Siku nyingine mguse kifuani kwa sekunde tatu, kisha uache. Akijisogeza, anataka zaidi. Akilamba midomo, akipiga miayo, akigeuza uso au akionyesha weupe wa jicho, amechoka nawe kwa leo, mpe nafasi.

Kule kujikojolea ni namna ya mbwa ya kuomba asidhuriwe. Ukimkemea, atajikojolea zaidi kesho. Futa kimya kwa sabuni, kisha siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Usitumie dawa yenye amonia, kwa sababu harufu yake inafanana na ya mkojo na itamrudisha palepale.

Jambo la mwisho ni geti. Wiki za kwanza ndizo mbwa hawa hutoroka zaidi, na mbwa asiyejua nyumba ilipo hawezi kurudi. Mfungeni ndani au nyuma ya mlango wa pili kila gari linapoingia. Ukanda wa shingoni ukaze hadi vidole viwili tu vipite chini yake, na uwe na kibati chenye namba ya simu.

SWALI: Jirani anasema mbwa akifungwa mnyororo mchana anakuwa mkali na kulinda vizuri. Wetu tuliyemwokota tumemfunga tangu aje. Analia mchana kutwa na amekata kamba mara mbili. Tumuongezee mnyororo mzito? (Msomaji, Moshi)

JIBU: Hapana, ndugu yetu. Ukali wa mbwa wa mnyororo ni wa mnyama asiyeweza kukimbia. Humng'ata aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ni mtoto wa nyumba hiyohiyo. Mbwa hulinda pale anapopahesabu kuwa pake, na hilo huja kwa kula, kulala na kuzunguka hapo akiwa huru.

Kama ua bado una matundu, funga waya imara kati ya nguzo mbili zilizoachana mita sita au zaidi, kamba yake iteleze kwenye pete juu ya waya huo. Kusiwe na mti wala kitu cha kumnasa, na awe na kivuli na maji. Hiyo ni kwa saa chache tu, wakati unaziba ua.

Mjengee banda. Kwa mbwa wa kilo 15 hadi 20, urefu wa sentimita 90, upana 65 na kimo 75 vinatosha. Banda kubwa mno halishiki joto lake usiku wa baridi. Sakafu iwe ya mbao, iliyoinuliwa sentimita 10 kutoka chini ili maji ya mvua yapite. Mabati juani huwa tanuri, kwa hiyo liweke kivulini au tandaza nyasi juu ya paa. Wiki ya kwanza liwe karibu na dirisha la chumba mnacholala, asikie watu. Mtembeze nusu saa jioni kabla ya chakula. Mbwa aliyetembea akala hulala.

SWALI: Mbwa ni mpole kabisa, lakini mwanangu wa miaka mitano akipita karibu na bakuli ananguruma. Juzi nilimchapa, akanyamaza. Nimefanya sawa? (Baba Salma, Mbezi)

JIBU: Baba Salma, usimchape tena kwa kunguruma. Mngurumo ni onyo, na mbwa aliyefundishwa kwamba onyo huleta fimbo huacha kuonya. Siku nyingine atang'ata bila sauti. Huko alikotoka chakula kilikuwa cha aliyewahi, na fimbo imemthibitishia kwamba mtu karibu na bakuli ni adui.

Kuanzia leo ale peke yake, mlango umefungwa, mtoto upande wa pili. Bakuli liondolewe baada ya mbwa kutoka. Kisha wewe, mtu mzima, pita mita tatu kutoka anapokula, mrushie kipande cha nyama kilicho bora kuliko kilichomo bakulini, uendelee na safari yako. Mara tano hivi kwa kila mlo. Akianza kuinua kichwa kwa furaha unapotokea, punguza nusu mita. Akikakamaa au akianza kula kwa pupa, umeharakisha, rudi nyuma. Mtoto hashiriki zoezi hili hata kidogo, na asiachwe peke yake na mbwa huyu, hata kama miezi imepita.

Hakikisha ana chanjo ya kichaa cha mbwa, inayotolewa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kwa ratiba ya daktari, kwa kawaida kila mwaka. Akimng'ata mtu, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, hata kama alama ni ndogo. Dalili za ugonjwa huu zikishatokea kwa binadamu, karibu hakuna anayepona.

SWALI: Tunampa mabaki ya mezani na mifupa ya kuku. Anaharisha. (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Mifupa ya kuku iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha vinavyochoma utumbo, na mchuzi una vitunguu, ambavyo huharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Acha vyote viwili. Kwa siku mbili mpe wali na kuku wa kuchemsha asiye na ngozi, kidogo kidogo mara nne kwa siku, kisha uhamie chakula chake cha kudumu polepole kwa wiki nzima. Ugali na omena ni sawa, mradi omena (dagaa) waloweke kwanza chumvi itoke, na wawe wa kutosha, si wa kunukishia ugali tu. Kuharisha damu pamoja na kutapika, hasa kwa mbwa mdogo asiyechanjwa, ni safari ya daktari leo.

SWALI: Ana upele na nywele zimenyonyoka. Nimeshauriwa nimpake oili chafu ya gari. (Kijana, Nakuru)

JIBU: Usimpake. Oili huunguza ngozi, na mbwa huilamba ikamdhuru ndani. Mafuta ya taa vilevile. Dawa ya kuogeshea ng'ombe nayo, ikichanganywa kwa kukisia, humfanya mbwa apepesuke na mapigo ya moyo kushuka. Upele una aina zaidi ya moja, mojawapo huwawasha hata watu, na dawa hutofautiana. Daktari hukwangua ngozi kidogo, anaangalia kwa hadubini, kisha anapima uzito ndipo anatoa kipimo cha dawa. Matibabu huchukua wiki kadhaa; nywele zikianza kuota usikatishe. Fua matandiko yake kwa maji ya moto, yaanike juani, na kama una mbwa mwingine, watenge hadi daktari aseme wakutane.