Ukiajiri mhunzi ulizia mkaa kwanza

Wadau wa gemu za mezani, hasa mnaocheza kampeni (hadithi ndefu za vikao vingi) za ngome na malodi, wale mabwana wenye ardhi wa zama za kati, naona wengi mkishapata ardhi na ngome basi pesa yote inaishia kwa askari. Sisi pia tulianza hivyo hivyo. Tunacheza Jumamosi usiku mtandaoni, tuko watano, nyumba yetu ya kilodi tunaiendesha mwaka wa tatu huu, na mwanzoni kabisa tukaajiri askari 20 wa mikuki na mhunzi mmoja bingwa, tukampa advansi ya miezi miwili, tukaona tumemaliza. Kikao kilichofuata gemu masta, yule anayeendesha hadithi, akauliza swali moja tu, mkaa uko wapi?

Kimya. Bonde letu halikuwa na msitu, msitu ulikuwa wa jirani, na jirani tulishakosana naye kwa mambo ya mpaka. Basi mhunzi akakaa tu, anakula, analala, fuawe ya baridi, koleo zinaning'inia ukutani, na miezi miwili ilipoisha akatia nyundo zake kwenye gunia akahamia kwa yule yule jirani mwenye msitu. Theluji ilipoyeyuka wavamizi wakaja, askari wetu wana mikuki butu, tukapoteza watu tisa usiku mmoja na mmoja wao alikuwa mhusika wa rafiki yangu aliyemcheza tangu siku ya kwanza. Iliniuma sana aisee, maana mimi ndiye niliyekuwa na funguo za sanduku la hela.

Toka hapo nikashika jambo moja, fundi haajiriwi peke yake. Ukimchukua mhunzi umemchukua na kijana wa kuvuta mivukuto, na mtu wa kupiga nyundo kubwa, na wachoma mkaa huko porini, na mwenye punda wa kuuleta huo mkaa, na chuma chenyewe, na mke na watoto wake wanaotaka paa. Hata site ya kawaida huku kwetu fundi haji bila saidia fundi, sasa kwa nini kwenye gemu tunaandika "mhunzi, mmoja" halafu tunafunga daftari?

Nilipoanza kusoma historia yenyewe ndio nikaona gemu masta wetu hakutuonea. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza alipokuwa anajenga ngome zake kule Wales alikuwa na fundi mkuu anaitwa Master James wa Saint George, mtu wa kutoka Savoy, eneo la milima ya Alps. Mwaka 1295 wakaanza ngome ya Beaumaris, na barua ya mwanzoni mwa 1296 kutoka site inataja waashi 400, vibarua 2,000, wachimba mawe 200, wahunzi 30, maseremala, mikokoteni 100, magari makubwa ya kukokotwa 60 na mashua 30 za kuleta mawe na makaa. Hiyo ni ngome moja tu, na haikuisha mpaka leo. Na kwenye barua hiyo hiyo wanalalamika mishahara imechelewa, watu hawana cha kula, kuwazuia wasiondoke imekuwa kazi kubwa. Mfalme mzima! Sasa wewe lodi mdogo mwenye vijiji vitatu usipolipa kwa wakati unategemea nini?

Kuhusu malipo, wengi tunafuata kanuni za gemu ya Dungeons & Dragons, toleo la tano linasema mwenye ujuzi sarafu 2 za dhahabu kwa siku na asiye na ujuzi sarafu 2 za fedha, yaani mara kumi, maana dhahabu moja ni fedha kumi. Ni rahisi kukumbuka ila kwa nyumba ya kilodi naona inaficha mengi, kwa sababu fundi mkuu na fundi wa kawaida hawalingani. Uingereza ilipopigwa na tauni kubwa mwaka 1348 na 1349 mafundi wakawa adimu wakaanza kutaja bei zao wenyewe, na sheria ya mwaka 1351 ikajaribu kuwabana, mwashi mkuu peni 4 kwa siku, waashi wengine 3, wasaidizi wao peni moja na nusu. Ngazi hizo ndizo natumia mezani kwetu. Na kama kampeni yenu imepita vita au ugonjwa basi pandisheni bei, fundi atakuwa na malodi wanne wanamgombania.

Kwa bingwa kweli kweli usiangalie mshahara wa siku peke yake. Master James mwaka 1284 alipewa shilingi 3 kwa siku maisha yake yote, yaani peni 36, na mkewe Ambrosia akaahidiwa shilingi moja na peni 6 kwa siku kama mume atatangulia. Hapo kwa mkewe ndipo penye funzo kubwa kwangu. Sisi mtengeneza deraya wetu (mavazi ya chuma ya vitani), mama mmoja mjane ana binti wawili, malodi wawili walimpandia dau akawakatalia, sababu tulimwandikia kwamba mabinti watakaa nyumba ile ile hata yeye asipokuwepo. Gemu masta hakutupa hata kete, alisema tu haondoki.

Na andikeni mkataba jamani. Zamani walikuwa wanaandika makubaliano mara mbili kwenye ngozi moja halafu wanaikata katikati kwa mkato wa meno meno, kila mtu na nusu yake, ukibisha mnakutanisha meno yanaonekana. Ndani weka atakula meza ya nani, farasi wake wangapi watalishwa, nguo za rangi za nyumba atapewa lini, na vitani anakwenda au anabaki nyuma tu na karakana. Hilo la vita usiliache, sisi mtengeneza mishale alitugomea njiani akasema hakuambiwa, na alikuwa na haki.

Majaribio pia. Tulipotafuta mhunzi wa pili hatukutoa advansi, kila aliyekuja tulimpa kipande kimoja cha chuma cha pua (steel) atengeneze kisu. Wa kwanza kuja alikitoa motoni kikiwa chekundu akakitumbukiza kwenye maji, akakinoa, akatukabidhi, kikapiga mfupa kikakatika kama kigae. Aliyefuata akakizamisha vile vile, lakini kisha akakisugua kikang'aa akakirudisha karibu na moto taratibu ili kisiwe chepesi kuvunjika, akakaa anaangalia rangi, ilipofika manjano ya majani makavu akakitoa hapo hapo. Hakusema neno muda wote. Huyo tunaye mpaka leo.

Ila ukiniuliza nianze na nani, anza na msimamizi wa hesabu, kabla ya mhunzi na kabla ya askari. Wetu anatumia vijiti, anachanja alama za kiasi kilichotoka halafu anapasua kijiti kwa urefu, nusu kwake nusu kwa aliyepokea. Hazina ya Uingereza ilitumia vijiti hivyo mpaka 1826, na walipovichoma mwaka 1834 moto ukala jengo la bunge. Kwetu vilimkamata mtunza ghala, alama kwenye nusu yake zilizidi mbili kuliko za nusu ya pili, magunia mawili ya shayiri hayo.

Mfuga kozi (ndege wa kuwindia) acha kwanza, ndege wanakula nyama kila siku na faida yake ni heshima tu, subiri mpaka una wageni wakubwa. Tabibu usimcheleweshe. Na yule wa mambo ya uchawi, sisi tunamwita mganga wa nyumba, maana ukisema "mchawi" kwa Kiswahili wachezaji wapya wanaanza kumwogopa kabla hajafanya chochote, huyo muulize vifaa vyake vinatoka wapi kama ulivyomuuliza mhunzi. Wetu alitaka lulu kila mwezi na sisi tuko siku 12 kutoka baharini.

Sasa hivi tunatafuta mwashi wa kuziba ukuta wa kaskazini. Hatujamwita bado. Jumamosi hii tunaenda kwanza kuangalia machimbo ya mawe na kuhesabu punda.