Uso wa mandolini umebonyea: kosa ni la ubao?

SWALI: Assalam alaykum. Mimi ni seremala hapa Unguja, kazi yangu hasa ni kuunda na kukarabati udi, ile ala ya taarabu. Mteja ameniagiza mandolini, ala ndogo ya nyuzi, ya tumbo la mviringo. Tumbo nimelijenga kwa vipande vya mninga. Uso ni ubao wa sprusi (mti wa jamii ya msonobari) niliouchomoa kwenye piano mbovu, nikaupiga randa hadi milimita 1.8, tambarare. Daraja, kile kijiti kinachobeba nyuzi, nimeligandisha milimita 330 kamili kutoka kichwani mwa shingo, nyuzi nimezifunga kwenye chuma cha mkiani. Hata wiki haijaisha, uso umebonyea chini ya daraja, na nikipanda freti (vile vijiti vya chuma shingoni) za juu sauti inapaa kuliko inavyotakiwa. Ubao umeoza?

JIBU: Waalaykum salaam, fundi. Kabla hujamaliza kusoma, legeza nyuzi zote.

Ubao haujaoza. Sprusi ya piano kuukuu ni kavu kuliko nyingi utakazonunua. Tatizo ni kwamba umejenga udi, kisha ukautia nyuzi za mandolini. Nakuelewa, maana ya kwangu ya kwanza ilibonyea siku ya tatu.

Kwenye udi, nyuzi hufungwa kwenye daraja lenyewe, nalo limegandishwa usoni, kwa hiyo kazi ya nyuzi ni kuvuta. Kwenye mandolini nyuzi hupanda daraja, zikavuka, zikashuka hadi mkiani. Hapo zinakandamiza. Nyuzi nane za chuma, zikiwekwa mbili mbili kwa sauti za G, D, A na E kama fidla, mvuto wake kwa jumla hupita kilo 70, na sehemu ya mvuto huo inalala juu ya daraja usiku na mchana. Milimita 1.8 za ubao tambarare zitastahimili vipi?

Mafundi wa Naples, Italia, waliukunja ubao wa uso. Kule Marekani, Orville Gibson alifuata njia ya fidla, akachonga ubao mnene uwe na mgongo, na hataza yake (hati ya haki ya uvumbuzi) ni ya 1898. Kwa tumbo la mviringo fuata Naples.

Andaa uso mpya wa milimita 2.5 hadi 3. Piga mstari wa penseli unaokatiza upana wake, milimita chache nyuma ya mahali pa daraja, upande wa mkia. Lowesha mstari huo kwa kitambaa, si kwa kumwaga maji. Pasha chuma bapa hadi tone la maji lirukeruke juu yake, kilaze kwenye mstari kwa upande wa ndani, huku ukiukandamiza ubao polepole kwenye kalibu ya mbao yenye pembe unayoitaka. Haraka ndiyo inayopasua. Ukisikia mlio mdogo wa nyuzinyuzi kukatika, simama, ongeza joto na unyevu. Uache upoe humo humo kwenye kalibu. Kisha gandisha mihimili ya sprusi kwa ndani, ikikatiza upana, mmoja ukae kati ya tundu la sauti na mkunjo. Ukingo wa tumbo nao uupige randa kufuata pembe hiyo hiyo; usiulazimishe uso kwa jiliwa, utaachia tu baadaye. Na kama unatumia gundi ya ngozi, gandisha siku za jua, si katikati ya masika.

Daraja la mandolini haligandishwi. Hushikwa na mkandamizo wa nyuzi tu, na faida yake utaiona kwenye lile tatizo la pili. Unapobonyeza uzi kwenye freti unauvuta zaidi, sauti inapanda. Ndiyo maana freti ya 12 inakaa milimita 165, lakini daraja husogezwa kidogo kupita 330. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upige, utasikia mlio kama wa kengele. Sasa ubonyeze hapo hapo upige tena. Wa pili ukiwa juu, sogeza daraja nyuma nusu milimita, weka nyuzi sawa, jaribu upya. Upande wa G kwa kawaida hudai nafasi zaidi kuliko wa E, kwa hiyo usishangae likikaa mshazari.

Daraja lile ulilogandisha litoe kwa kisu chembamba kilichopashwa moto. Uso wenyewe sitakudanganya, hautarudi. Lakini ubao wa piano ni mkubwa. Kama mabaki yake bado yapo karakanani, yatatosha.