Wasomaji Wanauliza: Mlimani na Mtoto kwa Mara ya Kwanza

SWALI: Tunaishi Dar es Salaam. Binti yetu ana miaka 7 na kilo 22. Mwezi wa saba tunataka kwenda naye Lushoto, tutembee na mabegi mgongoni na kulala kwenye hema. Baba yake anataka tutembee siku nne hadi Mtae, mimi naona ni mbali. Tuanzeje?
*Mama wa mtoto mmoja, Tabata*

JIBU: Dada, umeona sawa. Mtae iacheni kwanza. Kwa safari ya kwanza usiku mmoja wa hema unatosha, na usiku unaotangulia lalani nyumba ya wageni Lushoto mjini. Barabara ya kupanda kutoka Mombo kupitia Soni ina kona nyingi na watoto wengi hutapika njiani. Mkimshusha garini na kumvika begi papo hapo, safari imeharibika kabla haijaanza.

Kesho yake nendeni Irente, kama kilomita 6 kutoka mjini. Mtoto wa umri huo mhesabieni kilomita 2 kwa saa, mapumziko yakiwa ndani yake, na mwongeze saa moja kwa kila mita 300 za kupanda. Mkiondoka saa 3 asubuhi, hata akisimama kutazama vinyonga mtafika mchana. Hema liwe limesimama saa 10 jioni, kwa sababu ikikaribia saa 1 usiku giza huingia kwa ghafla. Mahali pa kupiga hema paulizieni mapema: pawe na ruhusa, choo na maji, na msiweke hema kwenye njia ya siafu. Pale kwenye mwamba wa Irente chini ni genge tupu, kwa hiyo mtoto ashikwe mkono muda wote. Mchukueni pia mwongozaji mwenyeji, maana vijia vya mashambani vinagawanyika kila mahali.

Begi la binti lisizidi kilo 2: sweta, soksi, chupa ya maji ya nusu lita, na filimbi ya shingoni. Mfundisheni kwamba akipotea akae palepale na kupuliza mara tatu, apumzike, arudie. Mtu mzima abebe sehemu moja ya tano ya uzito wake. Mwenye kilo 65 basi ni kilo 13. Panda kwenye mizani na begi, kisha bila begi, utoe. Mizigo mizito ikae katikati, karibu na uti wa mgongo, na mkanda wa kiunoni ukazwe kabla ya mikanda ya mabegani. Usipoukaza, mabega yataanza kuuma mapema.

Sasa baridi, na hapa ndipo watu wa pwani wanapokosea. Wanabeba mablanketi ya kujifunika na kusahau ya kutandika. Mwezi wa saba usiku wa Lushoto ni mkali, na ardhi inanyonya joto kupitia mgongo. Blanketi lililolaliwa hugandamizwa, hewa inayotunza joto inatoka, na mtoto anaamka saa 9 usiku akitetemeka ingawa amefunikwa gubigubi. Kila mtu awe na mkeka wa sponji ngumu, ule wa mazoezi. Godoro laini linabonyea na kunywa maji. Jioni mbadilishe nguo zote mpaka fulana ya ndani, kwa sababu pamba iliyolowa jasho inachelewa kukauka na inampoza. Anywe uji wa moto, akojoe, avae kofia, alale.

Jiko la mkaa lisiingie hemani hata kidogo, hata likiwa limebaki majivu yenye joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini. Jiko la gesi nalo liwashwe nje.

Chakula kisiwe cha kuivia kwa muda mrefu. Maharage yaacheni nyumbani. Mchana kuleni chapati, mayai ya kuchemsha, karanga na ndizi. Usiku gramu 300 za tambi zinawatosha watatu, na asubuhi gramu 150 za unga wa uji. Maji ya kijito yachemke kwa nguvu dakika 3. Wiki moja kabla, simamisheni hema uani na mlale humo. Nguzo iliyopungua ni afadhali ijulikane Tabata.

SWALI: Mdogo wangu anataka kumpandisha mwanangu wa miaka 8 Mlima Kilimanjaro kwa njia ya Marangu mpaka kambi ya Horombo. Tunaishi Moshi. Je, ni salama?
*Baba, Moshi*

JIBU: Kaka, waishie Mandara, kambi ya kwanza ya njia hiyo. Moshi mjini ni kama mita 900, Mandara ni kama mita 2,700, na Horombo ni zaidi ya 3,700. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja, ili mwili uzoee mwinuko, na kutoka Mandara hadi Horombo ni karibu 1,000. Mandara wana la kufanya: kreta ya Maundi iko karibu, na asubuhi kukiwa kweupe mtoto anaona mbali.

Mtoto mdogo hasemi “kichwa kinaniuma kwa sababu ya mwinuko”. Anakataa chakula, analialia, hataki kucheza, anatapika. Mkiona hivyo msimpandishe hata hatua moja. Hali isipotulia, mteremsheni siku hiyohiyo, usiku pia ikibidi. Na homa kali msiisingizie mlima. Malaria aliyoambukizwa huko chini huchukua siku saba au zaidi kujitokeza, kwa hiyo inaweza kumkuta juu. Ateremshwe, apimwe.

SWALI: Nimnunulie mtoto buti mpya kwa safari ya kutembea mlimani?
*Msomaji, Korogwe*

JIBU: Raba nzuri yenye meno chini inatosha kwa njia kavu. Kiatu kipya avae kwa wiki mbili kabla, na mbele ya kidole gumba ibaki nafasi ya upana wa kidole chako. Mkateni kucha siku moja kabla, kwani wakati wa kuteremka vidole vinagonga mbele. Akisema kisigino kinawaka, simameni hapohapo mbandike plasta. Mkingoja mpaka lengelenge litokee, itabidi abebwe.