Kocha Anajibu: Vanuatu haikubahatisha

SWALI: Shikamoo Kocha. Mimi ni binti wa miaka 19, narusha mpira wa mzunguko, ule unaogeuka ukidunda, katika timu ya kriketi ya chuo. Nilisoma kwamba mwaka 2024 wanawake wa Vanuatu waliishinda Zimbabwe katika mechi za kufuzu Kombe la Dunia. Wenzangu wananicheka nikiwataja. Wanasema ilikuwa bahati, visiwa vidogo vile havina kriketi ya kweli. Je, ni hivyo?

JIBU: Marahaba binti yangu. Hapana, si hivyo, na swali lako limenigusa kwa sababu nimefundisha wasichana kriketi kwa miaka mingi na maneno hayo ya wenzako nimeyasikia mara nyingi mno.

Tuanze na mechi yenyewe. Ilikuwa Abu Dhabi, Aprili 2024. Zimbabwe walitolewa wote kwa mikimbio 61, yaani pointi 61 tu. Hebu fikiria maana yake: wiketi 10 zimeanguka, yaani wapigaji 10 wametolewa, na kila wiketi imehitaji mtu wa kuweka mpira mahali panapomsumbua mpigaji, tena na tena. Bahati inaweza kukupa wiketi moja, au mbili. Nasimana Navaika peke yake aling'oa nne, kisha akashika gongo na kusaidia kufikia mikimbio iliyotakiwa. Vanuatu wakashinda kwa wiketi 6, yaani walifika wakiwa bado na wiketi sita mkononi.

Sasa, walitoka wapi? Vanuatu ni visiwa zaidi ya 80 katika Pasifiki, vyenye watu takriban laki tatu. Tangu 1906 hadi uhuru wa 1980 vilitawaliwa na Uingereza na Ufaransa kwa pamoja, wakati huo vikiitwa New Hebrides. Waingereza ndio waliouleta mchezo huu. Wafaransa hawakuwa na habari nao. Ndiyo maana mpaka leo mizizi yake ipo zaidi karibu na mji mkuu, Port Vila, katika jamii kama za Mele na Ifira, ambako mtoto hukua akiwaona wakubwa wake wakicheza. Nchi iliingia katika Baraza la Kimataifa la Kriketi mwaka 1995, ikapandishwa daraja 2009.

Lakini mimi nakuambia jambo lililowafaa zaidi ni uamuzi wa baraza hilo kwamba kuanzia Julai 2018 mechi zote za ova 20 (ova moja ni mirusho sita) baina ya timu za taifa za wanawake za nchi wanachama zihesabiwe rasmi kuwa za kimataifa. Kabla ya hapo msichana wa kisiwani angeweza kurusha vizuri kuliko mtu yeyote na jina lake lisionekane kwenye orodha ya viwango. Baada ya hapo, kila mkimbio wake una mahali pa kuandikwa.

Nao wanawake hao walikuwa wakicheza nyumbani kwa bidii. Aprili 2020, viwanja karibu vyote duniani vimefungwa kwa sababu ya korona, Vanuatu ilikuwa haijapata mgonjwa hata mmoja. Fainali ya ligi yao ya wanawake ikarushwa mubashara mtandaoni, na wapenzi wa kriketi waliokuwa wamejifungia majumbani wakakesha wakiitazama. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilifurahi kuona mshindi wa fainali hiyo ni timu ya Mele.

Kinachoniuma ni nauli. Ili wafike Abu Dhabi wamejiandaa, ilibidi waombe michango mtandaoni. Timu iliyofuzu uwanjani kihalali! Hapo ndipo nchi ndogo zinapoonewa, wala si katika kipaji.

Na wenzako wakikuambia kriketi ya kweli ni ya nyasi tu, wajibu hivi. Katika nchi nyingi changa kwenye mchezo huu, njia ya kurushia, yaani ule ukanda wa katikati ya uwanja ambako mpira hurushwa kwa mpigaji, ni zege lililofunikwa zulia. Nimelikaza zulia hilo kwa mikono yangu mara nyingi. Likiwa na mkunjo mdogo tu, mpira unabaki chini na mpigaji anatolewa bila kosa lake. Likikazwa vizuri, mpira unadunda juu na kulishika zulia, na mrushaji wa mzunguko kama wewe anapata anachotaka, mradi asirushe mfupi, mpira ukadunda mbali na mpigaji. Nitumie video ya mkono wako ukirusha, nikuambie kidole kipi kinachelewa kuachia.