Haki za mazingira kisheria: Afrika ipo, angalia Uganda
Sio kweli kwamba hakuna nchi ya Afrika iliyoyapa mazingira haki kisheria, Uganda wanayo tangu 2019, kwenye sheria yao ya mazingira kifungu cha 4, imeandikwa kabisa kwamba maumbile ya asili yana haki ya kuwepo na kujirudishia uhai wake, na mtu yeyote anaweza kwenda mahakamani haki hizo zikivunjwa. Hicho ndo kipande nakipenda, maana ukilalamika kinamasi kinafukiwa swali la kwanza huwa "wewe inakuhusu nini, shamba lako?" sasa kwa sheria ile inakuhusu. Ila msome mpaka chini, kifungu hichohicho kinasema waziri ndo atataja kwa kanuni maeneo ya hifadhi yanayopata hizo haki, kwa hiyo sio kila kijito kimeingia tayari. Wa kwanza kuziweka haki hizo kwenye katiba ni Ecuador, Amerika Kusini, 2008, na 2021 mahakama yao ya katiba ikazuia uchimbaji madini msitu wa Los Cedros kwa haki hizohizo. Mto Whanganui wa New Zealand ni 2017, ule unahesabika kama mtu kisheria.